Chemchemi ya Tatu

Siku tuliyomzika babu yangu, Aako Tarmo, ndipo nilipojua kwamba kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa nimewanywesha majirani zangu maji ambayo yeye aliyatenga tangu arudi vitani, asije akayanywa mtu mwingine. Hakuna aliyenilazimisha. Niliyaunganisha mwenyewe kwenye bomba la kijiji, kwa spana yangu, nikayapima kwa ndoo na saa, nikaandika taarifa ofisini, na ofisi ikanipongeza.

Aliyeniambia ni Mzee Lohay, jirani yetu wa upande wa bondeni, mtu wa miaka themanini na kitu. Watu walikuwa wametoka kaburini na kunawa, wakawa wanagawiwa maji ya kunywa kabla ya chakula. Mke wangu alimpa kikombe. Akakirudisha kwa mikono miwili, kwa adabu.

"Asante, Mama Eliza. Haya ni ya Tarmo. Sinywi."

Nilikuwa karibu, nikadhani ni uzee unasema. "Mzee, hayo ni ya bomba," nikamwambia. "Ni ya kijiji kizima."

"Bomba linayatoa wapi?"

"Chemchemi tatu. Mbili za msituni, na ile moja ya..."

"Malizia, fundi," akasema.

Nitaeleza alichoniambia baada ya chakula, lakini kwanza nieleze kazi yenyewe, kwa sababu kosa langu lilikuwa la fundi, na asiyejua ufundi ataona nilifanya vizuri. Mimi mwenyewe niliona hivyo kwa miaka kumi na mmoja.

Siku yangu ya kwanza niliripoti kwenye ghala la Idara ya Maji, Karatu, saa moja kasoro robo asubuhi, nimevaa shati la shule kwa kuwa sikuwa na jingine. Karatu ya siku hizo ilikuwa barabara moja ya vumbi, maduka machache, na mashamba makubwa ya ngano yenye vibarua kutoka Singida na Dodoma. Magari ya watalii yaliyopita kwenda kreta ya Ngorongoro ungeweza kuyahesabu. Fundi Mkuu alikuwa Mnyiramba, mtoto wa mmoja wa vibarua hao, mfupi, mwenye kalamu nyuma ya sikio. Hakuniuliza cheti.

"Kijana wa Rhotia, maji yanapanda mlima?"

"Hapana, mkuu."

"Yanapanda. Nenda nyumbani, urudi kesho ukijua yanapandaje."

Nilirudi Rhotia kwa miguu nikiwa na hakika nimekosa kazi. Jioni nikamweleza Aako. Hakufikiri hata kidogo. "Yanapanda kama yameanzia juu kuliko huo mlima," alisema. "Yatashuka bondeni, yatapanda upande wa pili, mradi tu usiyafungulie njia katikati."

Asubuhi nikarudia maneno hayo mbele ya Fundi Mkuu. Akatoa kalamu sikioni.

"Nani kakufundisha?"

"Babu yangu. Alikuwa askari."

"Basi ningemwajiri babu yako. Lakini umekuja wewe. Shika hiyo katani."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye maji ya mserereko, yaani maji yanayotoka chemchemi ya juu na kushuka kwa uzito wake hadi vijijini, bila pampu wala mafuta. Katani ni nyuzi za mkonge tulizozungusha kwenye meno ya bomba la chuma, tukazipaka rangi, ndipo tukafunga. Siku hizi vijana wanatumia utepe mweupe wa dukani. Mteremko tuliupima kwa mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji: mmoja anashika ncha huku, mwingine kule, na maji yenyewe yanawaambia nani amesimama juu. Na wingi wa maji ya chemchemi tuliupima kwa ndoo ya lita ishirini na saa ya mkononi. Fundi Mkuu alitufanya tupime mara tano. "Mara ya kwanza unapima hamu yako," alikuwa akisema.

Aako, kwa Kiiraqw, ni babu. Wangu alichukuliwa na jeshi la Mkoloni, akafika Burma, akarudi. Baba yangu alizaliwa yeye akiwa huko, na hakupata mdogo. Aliporudi hakulala tena kwenye nyumba ya bibi. Alijijengea kibanda juu ya shamba, karibu na mpaka wa msitu wa hifadhi, na nyuma ya kibanda hicho maji kidogo yalikuwa yakitoka kwenye mwamba. Akapazungushia mnyaa na miiba. Hapo ndipo alipochota peke yake. Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuinama pale, hata tukiwa tumetoka kuchunga na midomo imekauka. Alituelekeza kwenye kisima cha bibi, mwendo wa robo saa, naye akasimama kutazama hadi tufike.

Alitupenda, na hilo naliandika kama shahidi. Alituchomea mahindi. Alinifundisha kukunja blanketi mara nne na kufuta chombo cha kazi kwa kitambaa chenye mafuta kabla ya kula. Nilipopata daftari la kwanza la kazi aliniambia, "Andika kwanza ulichokiona. Unachodhani kitasubiri." Nimefuata agizo hilo hadi leo, na hata ukurasa huu unajaribu kulifuata.

Lakini kikombe chake kilining'inia kwenye msumari wa peke yake, nje ya mlango wetu, na sahani yake ilikaa kando. Alikula ameketi kizingitini, mgongo ukiwa nje. Kanisani alikaa benchi la mwisho, na Jumapili za Chakula cha Bwana, watu walipokwenda mbele kupokea kikombe kimoja, yeye alitoka akasimama uani, kofia mkononi. Watoto wachanga hakuwapakata. Nilipooa na Eliza akazaliwa, mke wangu alimpelekea mtoto hadi mlangoni kwake.

"Aako, mshike basi kitukuu wako. Hana miiba."

"Ninamwona vizuri kutoka hapa."

Mke wangu akarudi akicheka kwa hasira. "Utadhani anakagua gwaride. Mtoto kasimamishwa mguu sawa."

Sisi sote tulikuwa na neno moja la kueleza mambo hayo: ujeshi. Kikombe, ujeshi. Kibanda, ujeshi. Neno hilo lilitutosha, na hatukuuliza zaidi.

Kituo changu cha kwanza nje ya Karatu kilikuwa Buger. Msimamizi wa Mradi pale alikuwa mtu mkali juu ya mitaro. Bomba lazima lilale kwenye kina cha kiuno cha mtu mzima, na kila kitongoji kilipewa kipande chake cha kuchimba. Walipojaribu kuchimba nusu na kufukia haraka, hakugomba. Aliwaambia, "Fukieni. Mwakani jembe la mwenye shamba litaniletea taarifa," kisha akaondoka. Wakafukua wenyewe. Nilikaa Buger miaka sita, nikajifunza kuisikia hewa iliyokwama ndani ya bomba. Ukilaza sikio inasikika kama mtu anayesafisha koo.

Kisha Mhandisi wa Maji akanipeleka Piyaya, wilaya ya Ngorongoro, kwa wafugaji, kukarabati kisima na mabirika ya kunyweshea ng'ombe. Tulifika na gari lenye vifaa vyote, tukitaka kuanza siku hiyohiyo. Laigwanani, kiongozi wa rika la pale, alituketisha kivulini mwa gari letu hadi alasiri.

"Mmemwuliza mwenye kisima?" akatuuliza.

"Maji hayana mwenyewe, mzee," nikamjibu. "Ni ya Mungu."

"Mungu aliyaweka chini. Aliyeyatoa juu ana jina, na ukoo wake upo hapa unakutazama."

Tukamwuliza mwenye kisima. Ikatuchukua siku mbili kupata orodha ya nani hunywesha kwanza, nani hufuata, na ng'ombe wa nani hawafiki kabisa kwa sababu ya ugomvi wa zamani. Niliandika yote. Tangu hapo, kila fundi kijana aliyepita mikononi mwangu nilimfundisha kwamba kabla ya kupima maji aulize maswali mawili: nani anakunywa hapa, na nani hanywi. Nilijulikana kwa maswali hayo. Piyaya niliyauliza, na vijiji vingine vyote niliyauliza.

Nyumbani sikuyauliza.

Nilirudishwa Rhotia nikiwa Fundi Mkuu, kusimamia mradi wa kitongoji chetu wenyewe. Chemchemi mbili za msituni, tangi moja la mawe, vilula vinne, yaani mabomba ya kusimama ambapo watu huchota. Maji yalipofika, akina mama walipiga vigelegele na mchungaji akaomba. Aako alikuja, akasimama mbali kidogo. Nilimkingia kikombe cha kwanza.

"Maji yako ni mazuri, Paulo," alisema. "Wape watu."

Hakukipokea. Niliumia, na nikaficha.

Kiangazi cha pili chemchemi mbili zikapungua. Ndoo iliyojaa kwa sekunde kumi na tano sasa ilitaka hamsini. Tangi halikujaa tena. Mhandisi alikuja na gari, akapanda juu ya tangi, akachungulia.

"Fundi, nina vijiji vitatu vinalilia mabomba haya. Ukishindwa kunijazia tangi ndani ya wiki mbili, nakuja kuyang'oa."

"Ipo chemchemi nyingine, mkuu. Shambani kwa babu yangu."

"Ina mgogoro?"

"Haina."

Aako hakuwepo. Tulikuwa tumempeleka Arusha kutolewa mtoto wa jicho, akawa anakaa kwa ndugu akisubiri jicho la pili. Hata huko alikwenda na dumu lake la maji na kikombe chake mwenyewe, ndugu wakacheka. Nilikata mnyaa. Niliipima chemchemi yake mara tano, ndoo ikajaa kwa sekunde ishirini na mbili, mara zote tano. Nikajenga kidakio, yaani kisanduku cha zege chenye chujio kinachokusanya maji yasipotee, nikalaza bomba hadi kwenye njia kuu, nikaweka valvu ya kufungia. Na kwa furaha yangu nikatoa tawi dogo hadi mlangoni kwake, nikaweka koki inayong'aa. Nilikuwa nikijiambia kwamba mzee wa miaka themanini na mitano hatainama tena kwenye mwamba.

Alirudi baada ya mwezi, akishuka kwenye gari bila kushikwa mkono. Macho yake yalikuwa hayajaona vizuri kwa miaka mingi. Kitu cha kwanza alichokiona ni zege.

"Hiki ni nini, Paulo?"

"Zawadi yako, Aako. Koki iko mlangoni."

"Na hayo mengine yanakwenda wapi?"

"Kwenye bomba kubwa. Kitongoji kizima."

"Wamekwisha kunywa?"

"Wiki ya tatu hii."

Akaketi juu ya mchanga uliobaki wa ujenzi. Sikuwahi kumwona akiketi chini bila kuchagua mahali. Mkono wake mmoja ulishika mchanga na kuuachia, ukashika tena.

"Tenganisha," alisema. "Leo."

"Haiwezekani. Mhandisi amekwisha kuja kukagua."

"Nakuamuru."

"Hapa si jeshini, Aako. Na chemchemi si yako. Ni ya Serikali."

Nilisema hivyo mbele ya mke wangu na mafundi wawili. Akaniangalia kwa macho yale mapya, kwa muda mrefu, kama anayehakiki sura. Kisha akachukua dumu lake akashuka korongoni, mwendo wa nusu saa kwenda na zaidi ya hapo kurudi. Ndiko alikochota tangu siku hiyo. Miguu ilipochoka akategesha pipa la mvua chini ya bati lake. Koki niliyomwekea ilishika kutu bila kufunguliwa hata mara moja.

Hatukugombana tena, ila kulizuka jambo jipya. Kila asubuhi alishuka na fimbo hadi kwenye vilula, akasimama kando, na kuwaita watoto kwa majina. Neema yupo? Daudi mbona sijamwona tangu juzi? Kaka yake Daudi anakohoa nini? Akina mama walimpenda kwa hilo. Walimwita Mwalimu wa Zamu. "Jipangeni, mwalimu wa zamu kafika," mmoja angesema, na watoto wangejipanga wakicheka, naye angewapitia kwa macho mmoja mmoja bila kucheka.

Msimu mmoja wa mvua mtoto wa jirani alifariki kwa malaria. Aako hakula siku nne. Siku ya tano alinijia.

"Alikuwa akichota kilula gani?"

"Cha pili, nadhani. Kwa nini?"

"Nauliza."

Nilimwambia mke wangu kwamba mzee ameanza kuchanganyikiwa.

Nilistaafu mwaka huohuo aliofariki. Mhandisi wa sasa ni binti mdogo aliyesoma Dar, na kwenye kuniaga alisema mabomba ya Rhotia hayavuji kwa sababu ya mikono yangu. Kamati ya maji ya kijiji ikaniomba nibaki na spana na funguo, niwe nawasaidia. Miezi miwili baadaye Aako akatutoka, mchana, mke wangu akimnywesha uji uliopikwa kwa maji ya mvua. Na hapo ndipo tunapofika kwenye kile kikombe.

Baada ya chakula Mzee Lohay aliniita nyuma ya ghala la mahindi. Alizungumza Kiiraqw, nami nayaandika kwa Kiswahili kadiri nilivyoyasikia.

"Walikwenda wawili," alisema. "Tarmo, na kaka yangu Bura. Mimi nilikuwa mtoto. Akarudi Tarmo peke yake."

Nilijua kwamba Bura alifia vitani. Sikujua lililofuata. Mtu aliyerudi vitani, kwa desturi ya wakati ule, hakuingia moja kwa moja nyumbani. Alikuwa na damu ya watu, na damu hiyo huharibu maji, huharibu mimba, huua watoto wadogo. Hali hiyo tunaiita metimani: mtu anakaa peke yake, na njia yake, na chombo chake, na mahali pake pa kuchota, hadi aoshwe. Ili aoshwe, lazima aseme mbele ya wazee kila kifo kilichopita mikononi mwake.

"Akasema vyote vya huko," Mzee Lohay aliendelea. "Wazee wakachinja kondoo. Kisha baba yangu akamwuliza: na Bura? Akanyamaza. Wakamwuliza mara tatu. Akanyamaza. Wakamwambia, basi kaa hivyo hadi utakaposema. Akaitikia."

"Hadi lini?"

"Wazee wale wamekufa wote. Kanisa likaingia, mambo yale yakaachwa. Hakuna aliyekuwa akimlinda, Paulo. Angeweza kushuka wakati wowote akanywa na watu, na nani angemwambia kitu? Alijilinda mwenyewe."

Nilihesabu kichwani. Ilikuwa zaidi ya miaka sabini.

"Na wewe ulijua nilipounganisha?"

"Nilikuona ukikata mnyaa. Tangu siku hiyo mimi nakunywa ya kuletewa na bodaboda kutoka ng'ambo ya bonde. Wajukuu wangu wanakunywa yako. Wako shuleni, wako njiani, nitawafunga midomo?"

"Mbona hukuniambia, mzee wangu?"

"Wa kusema alikuwa yeye. Ningesema mimi, ningekuwa nimemfungulia mlango asioufungua mwenyewe. Na wewe ulikuwa Fundi Mkuu. Siku ile ulimwambia babu yako kwamba chemchemi ni ya Serikali. Habari ilifika kwangu kabla ya jioni. Ungenisikiliza mimi?"

Nilibaki pale nyuma ya ghala, watu wakinitafuta kunipa pole. Nilikuwa nikiona kila kitu upya, na kila kitu kilikuwa kibaya zaidi ya nilivyokijua. Robo saa tuliyotembezwa tukiwa na kiu. Eliza mikononi mwa mama yake, na mzee akimtazama kwa mbali. Majina ya watoto kila asubuhi. Hakuwa akiwasalimia. Alikuwa akihakikisha wako hai.

Sijui kama naamini kwamba maji hubeba kifo cha mtu. Nimesoma kuhusu maji, nimeyapeleka maabara, nimetia dawa ya klorini kwa vipimo. Malaria inaletwa na mbu. Lakini yeye aliamini, na kwa imani hiyo aliishi kila siku ya miaka kumi na mmoja akisubiri mtoto afe kwa kazi ya mikono yangu. Na alipokufa yule mmoja, alikuja kuniuliza kilula.

Kesho yake nilifungua sanduku lake la bati. Kulikuwa na blanketi lililokunjwa mara nne, na ndani yake cheti cha kuachishwa jeshi, kwa Kiingereza, karatasi imekuwa ya manjano. Jina lake limeandikwa vibaya, lakini ni yeye. Nilifika kwenye mstari unaoeleza kazi yake, nikausoma mara tano kama ninavyopima ndoo. Hakuwa mpiga bunduki. Alikuwa mchukuzi wa machela, mmoja wa wale wanaowabeba majeruhi kutoka mstari wa mbele.

Nilimpelekea Mzee Lohay siku ileile, nikamsomea. Alisikiliza hadi mwisho. Akaniomba nimwonyeshe neno lenyewe kwa kidole, ingawa hajui kusoma, akaligusa.

Kisha nikapanda hadi kwenye kidakio nikafunga valvu ya chemchemi ya tatu. Nilikuwa nikitekeleza amri ya miaka kumi na mmoja. Lakini tulikuwa kwenye kiangazi, na baada ya siku mbili tangi likashuka. Mama Neema, mwenyekiti wa kamati ya maji, alinifuata nyumbani.

"Fundi, babu kafa, na maji nayo umeyazika?"

Nikaomba mkutano, nikawaeleza wote, bila kuficha neno langu lile kuhusu Serikali. Vijana wengine walicheka. Mmoja, winga wa timu ya kata, akasimama na kusema ameyanywa maji hayo tangu utotoni, na beki gani wa Rhotia amewahi kumkamata? Watu wakacheka naye. Akina mama wenye watoto mgongoni hawakucheka. Mama wa mtoto yule aliyefariki alinyanyuka akatoka, na sikuthubutu kumfuata. Mchungaji akasema yupo tayari kuiombea chemchemi wakati wowote. Ndipo Mzee Lohay aliposimama.

"Sina shida na maombi," alisema. "Sitaki kondoo wala fidia. Nataka kuambiwa Bura alikufaje. Nikijua, nitakunywa mbele yenu, na chemchemi itakuwa ya watu."

"Na kama hakuna anayejua?" Mama Neema aliuliza.

"Basi nyumba ya Tarmo ipo. Aliyekufa ni yeye, nyumba haijafa."

Nyumba ya Tarmo ni mimi, na alichotakiwa kukisema yeye sasa natakiwa kukisema mimi. Eliza yu mjamzito, anajifungua mwezi ujao, na ametuma ujumbe kwamba anakuja kukaa kwetu arobaini. Mke wangu ameniuliza mtoto huyo atanyweshwa maji gani.

Vijana wa idara huniomba niandike niliyojifunza kazini, ndiyo maana nimeandika haya. Mteremko mtaupima vizuri kuliko mimi, mna vyombo vya satelaiti. Machujio yenu ni bora. Msiache kuuliza nani anakunywa na nani hanywi, na hasa msiache kuuliza pale mnapodhani jibu mnalo tangu utoto. Mtu niliyemjua kuliko wote ndiye ambaye sikumwuliza, nikamjibu Mhandisi "haina".

Kamati imenipa hadi mwisho wa mwezi. Baada ya hapo watafungua valvu wenyewe, na wana haki, kwa kuwa ndoo zinapanga foleni tangu alfajiri. Nimeandika barua mbili kwa ofisi zinazotunza kumbukumbu za askari wa zamani, sijapata jibu. Nimewauliza wazee wa Karatu na Mbulu ambao baba zao walikwenda vitani. Hakuna aliyewahi kusikia jina la Bura.

Jana Mzee Lohay alipanda mwenyewe, kwa fimbo, hadi kwenye kidakio. Nilimkuta ameketi juu ya mfuniko wa zege.

"Machela hubebwa na watu wangapi?" aliniuliza.

"Wawili. Njia ikiwa mbaya, wanne."

"Na mmoja akichoka. Jeshini aliruhusiwa kumweka mtu chini?"

Nilimwambia sijui. Akaniuliza tena.